Narelle na Kijito Kikavu

Mdomo wa Narelle Pascoe haujui kupumzika. Meza zetu zinapakana tangu ofisi ifunguliwe hapa Townsville, Australia, yeye akichora ramani za gemu za kompyuta, mimi nikitengeneza sauti, na naweza kukusimulia ndoa zake zote mbili, magoti ya mama yake, na jinsi kazi ya saluni ilivyomshinda baada ya kumwambia mteja ukweli kuhusu upara wake. Kuchora ramani alijifundisha mwenyewe, mezani jikoni, watoto wakiwa shule. Kumpenda nampenda. Lakini kuna siku navaa hedifoni zisizo na sauti yoyote ili tu nipumue.

Gemu yetu ni ya vita: bunduki, helmeti, vumbi. Ramani ya Narelle inaitwa Kijito Kikavu, na ameihangaikia miaka miwili. Ni korongo la mchanga, nyasi ndefu, mikaratusi huku na huku, na gogo moja limelala katikati ya njia. Craig Oberhauser, bosi wetu, hakuipenda hata siku moja. Alisema ni ramani ya kusinzia. Wiki ile akatoa hukumu: Ijumaa wachezaji wanaijaribu, na kama hatatokea mmoja wa kutaka kuirudia, inatupwa.

"Nikimwelekeza mchezaji kidogo tu, je?" Narelle aliuliza.

"Fungua mdomo uone. Jaribio limekufa, na ramani yako nayo."

Ndiyo sheria yetu. Mwenye ramani anakaa nyuma ya mchezaji, haongei, haonyeshi kwa kidole, hata kukohoa kwa kuashiria hakuruhusiwi. Mchezaji akijigonga ukutani unamwacha ajigonge, kwa sababu nyumbani kwake hutakuwapo nyuma ya kochi kumsaidia. Kwa sisi wengine ni sheria ngumu. Kwa Narelle ni kifungo cha jela.

Ijumaa walitangulia vijana wawili wa chuo. Walikimbia kwenye kile kijito kama mbuzi waliofunguliwa, wakaruka gogo, wakaua kila aliyejitokeza, wakamaliza ramani kabla chai yangu haijapoa. "Iko poa tu," alisema mmoja. "Sawa," alisema mwenzake, akiangalia simu. Nikauliza kama wangependa kurudia. Wakatazamana kwa adabu, wakaondoka. Craig akanyanyua nyusi. Narelle alikuwa amebadilika rangi, na roho iliniuma.

Akabaki Barry Lonergan, sajini mstaafu wa kambi ya hapa mjini, mtu wa mabega mapana na kaptura ya kuvulia samaki, ambaye gemu huzicheza na wajukuu tu. Akaketi, akavaa hedifoni, akaingia kijitoni. Akatembea kidogo. Akamlaza askari wake kwenye nyasi. Akatulia.

Tukangoja. Hakuinuka.

Hapo ndipo nilipoona kosa, na nadhani Narelle aliliona kabla yangu. Adui wetu hawatokei mpaka mchezaji avuke gogo. Hatukuwahi kufikiria mtu asiyevuka, maana sisi sote ni watu wa kukimbia. Tunaishi mji uliojaa wanajeshi, tunapanga nao foleni ya pai, na hakuna aliyewahi kumuuliza hata mmoja wao yeye hufanya nini akifika penye korongo.

Narelle akaminya mkono wangu mpaka kucha zikazama. Mdomoni alikuwa amejaza ukosi wa shati lake.

Ikafika chai ya saa nne, watu wakainuka. Barry yuko palepale. Craig akaja na pai yake ya nyama, sosi inachuruzika.

"Gemu imekwama?"

"Haijakwama," nikamnong'oneza. "Ni yeye hataki kwenda."

Craig akatabasamu tabasamu la kutamani kulifuta kwa kofi. "Si nilisema ya kusinzia? Sasa mchezaji kalala kabisa." Akaivunja sheria yake mwenyewe, akamgusa bega. "Barry, mzee wangu, inatosha. Njoo unywe chai."

Barry hakugeuka. "Shuka chini, kijana. Utaonekana."

Na Craig, mtu mzima mwenye ofisi yake, akachuchumaa na pai mkononi.

"Wako wapi?" akanong'ona.

"Nyuma ya gogo. Sikiliza." Barry akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikajaa chumbani. "Nyenje wamenyamaza. Kuna mtu anatembea kule."

Hakuna aliyekuwa anatembea. Nyenje ni wangu, niliwapanga wanyamaze mara mojamoja ili masikio yapumzike. Lakini nywele zilinisimama, nami ndiye niliyewatengeneza. Waliokuwa wanakunywa chai wakasogea mmojammoja, vikombe mkononi, wakainama nyuma ya kiti cha mzee. Ofisi nzima ikakodolea macho kijito kisicho na mtu. Upepo ukalaza nyasi upande wa kushoto, na Craig akaruka, sosi ikamwagika kiatuni.

Hatimaye Barry akaanza kutambaa kwa tumbo, polepole, akitua kwenye kila kivuli, mpaka kwenye gogo. Akalivuka. Adui wakatokea, na mzee akauawa palepale, maana hakukumbuka kitufe cha kufyatulia kiko wapi.

Tukapiga ukelele kama goli limeingia.

"Nirudishe mwanzo!" Barry akafoka. "Nirudishe, wale washenzi nishawajua!"

Craig bado amechuchumaa. Akamwangalia Narelle. "Haya, sema."

Narelle akautoa ukosi mdomoni. "Nimekosea, bosi. Nimewafungia nyuma ya gogo kama kuku bandani, eti wangoje mtu aje mbio. Huyu angelala akiwangoja mpaka Krismasi. Inatakiwa wao ndio wamfuate, kwenye nyasi, taratibu."

"Utawafungulia lini?"

"Jumatatu."

"Basi wafungulie."

Craig akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia kiatu. Barry alikuwa ameshalala tena kwenye nyasi zake. Narelle alinigeukia, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

"Umemwona?" aliniambia. "Miaka miwili! Amekiogopa kijito changu."