Kengele ya Tramu ya Mzee Zwanenburg

Miaka ilimpitia Lammert Zwanenburg kama maji ya mifereji ya Amsterdam, polepole, yasionekane yakienda. Katika kumi na minane ya mwisho, kila Jumamosi aliwatembeza wageni kwa miguu, akiwaonyesha mji ulivyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani: nyumba walimofichwa Wayahudi, kona walikopigwa risasi mashujaa. Lakini kituo cha tano, penye reli, kilimshinda. Hapo alitaka kusema kwamba baba yake, dereva wa tramu, ndiye aliyewapeleka Wayahudi stesheni kupanda treni za kambi za mauaji, safari ya kutorudi. Kila mara ulimi uligoma, au mgeni aliuliza choo kiko wapi.

Leo ilikuwa zamu yake ya mwisho. Dada yake Jikke, mwenye miaka tisini, alikuja na fimbo yake kumchunga.

"Ukimtaja baba, usinikanyagie mlangoni. Supu yangu ya njegere utaisikia harufu tu."

"Dada, nina miaka themanini. Bado wanitishia supu?"

"Kwani unajua kupika hata yai?"

Walipofika penye reli, Lammert alikohoa. "Baba yangu..."

"Alikuwa mpiganaji wa siri!" alidakia bwana mmoja mnene. "Hata babu yangu!"

"Na wangu pia!" akasema mwingine.

Lammert alikereka mno. Miaka kumi na minane hajakutana na mgeni ambaye babu yake hakuwa shujaa. Tramu zile, basi, zilijiendesha?

"Bwana, hebu nyamaza. Baba yangu aliwabeba Wayahudi kwa tramu, hapa hapa, akawafikisha stesheni."

Bwana mnene akatazama viatu vyake. Lammert akangoja fimbo ya dada yake impate mgongoni.

"Waambie na habari ya kengele," Jikke akasema kwa hasira.

"Kengele gani?"

"Ya tramu. Baba aliipiga kila kituo, kwa mazoea, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Aliniambia mimi tu. Hadi kufa kwake hakustahimili kusikia kengele."

"Dada! Miaka yote hii umelikalia hilo, nami nahangaika peke yangu?"

"Nimelikalia. Maliza kazi yako, supu inapoa."

Mola awarehemu waliobebwa, amsamehe aliyewabeba, na awajalie Lammert, Jikke na vizazi vyao vyote ulimi usioiogopa kweli.