Nyota Iliyoponea Kwenye Jiko

Jamani, leo karibu tuchemshe chai kwa nyota.

Mnajua mimi na Otieno tuko kituoni hapa chini ya Mlima Longonot, tunapokea ishara za setilaiti inayopima eksirei za nyota. Leo ilikuwa zamu ya nyota moja tunayoijua vizuri. Mpole sana huyo. Kalamu ya mashine huchora mstari wake umelala tu.

Asubuhi hii kalamu ikaruka!

Mimi nikajua ni Singh, fundi wa ng'ambo ya seng'enge. Akichomelea vyuma, kalamu yetu huruka, na karatasi iliyoharibika tunawashia jiko. Ndiyo desturi yetu.

Nikamwachia Otieno karatasi awashie jiko la chai, nikatoka mbio na hasira zangu.

"Singh! Si nilikuambia uzime hiyo mashine?"

Singh amekaa zake, anamenya chungwa.

"Mashine gani, bwana? Kwangu hakuna stima tangu jana."

Sisi tuna jenereta, yeye hana. Kama si Singh, basi nyota yenyewe ndiyo imetema eksirei!

"Otieno, usiwashe!"

Moshi nauona tayari.

Nilimkuta amepiga magoti, anapuliza. Nikatia mkono motoni.

Karatasi imeungua pembeni, lakini mchoro uko: umepanda ghafla, ukashuka polepole. Mchoro wa mashine ya Singh haujawahi kushuka polepole.

Vidole vinawaka. Chai hakuna.

Na sasa Singh amesimama kwenye seng'enge, anauliza hiyo nyota nayo nitaifokea saa ngapi.