Drapu nyeupe juu ya mawe meusi

Mimi hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Nilitoka Masisi na miaka mine tu ya primeri, nikajifunza kamera peke yangu, na leo picha zangu zinatundikwa kwa watu waliosoma sana. Lakini kuna mwaka mumoja moyo ulikuwa umekauka. Nilijiambia: nikikosa picha moja ya kweli, narudia kazi ya picha za pasipoti.

Kule mtaa wa Katoyi, mama mumoja alikuwa akianika drapu nyeupe ya kitanda juu ya mawe meusi ya volkano. Nikaitaka picha ile. Miezi miwili nilipita kila asubuhi, mwanga haukufaa.

Mama akacheka: "Papa, hii drapu unaipenda kuliko bibi yako wa nyumbani. Si uinunue!"

Nikainunua. Siku mwanga ulipokuja, niliitandaza mwenyewe mara saba. Ililala pale kama karatasi tu. Nikamuita yule mama. Aliikung'uta mara moja, akaiachilia, ikakaa sawasawa. Nikapiga. Picha ilikuwa ile ile niliyoitaka, na sikusikia kitu ndani ya moyo.

"Mukono wangu si wa bure, muzee," akasema.

Drapu niliinunua dola sita, mukono wake nikaulipa dola kumi na moja. Jumla dola kumi na saba.