Posa na Tumbo la Ukoo Wetu

Nakumbuka siku moja nikiwa mwari wa Mkomani, posa yangu imeshapokelewa, tulimpeleka mama kwa daktari. Alikuwa amekonda, hata uji haukai tumboni. Daktari akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyeugua vile. Shangazi akawahi kujibu: "Hapana, sisi sote ni wazima."

Mwanangu, binti wa kakangu, wazijua desturi zetu. Nyumba yenye mwari haitaji maradhi yake, wachumba wasije wakakimbia. Shangazi huyo, Mungu amrehemu, angeweza kuficha hata maiti akasema amesafiri.

Mama akainua kichwa. "Usifite, wifi. Mamangu na dadangu wamekufa kwa tumbo hili. Posa nyingine itakuya; mwanangu ana tumbo moya tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari akatueleza taratibu kwamba hiyo ni saratani ya tumbo, na kwamba kila seli ya mwili ina jeni za ulinzi, mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Huiambia seli: usizaane ovyo, shikamana na wenzio. Baadhi yetu hurithi moja iliyo mbovu. Ya pili nayo ikiharibika, seli huachiana kama mawe ya ukuta uliopukutika chokaa, zikaenda kufanya makazi kwengine. Za mama zilikuwa zimeshafika ini.

Subhanallah! Nilijishika tumbo pale pale. Tumbo ninalolijaza wali bila kufikiri, kumbe lina walinzi wasiolala tangu nilipokuwa mimba! Hata leo nikiwaza hayo mwili hunisisimka.

Mama hakuiona Ramadhani. Lakini kwa neno lake sisi wanawe tulichunguzwa kila mwaka kwa kamera ya kushushwa kooni hadi tumboni, na babako akagunduliwa mapema, akaondolewa tumbo lote. Yu hai, ala kidogo kidogo, na ubishi wake wote anao, hajautolea zaka hata chembe. Mchumba wangu alikimbia, ndiyo. Akaja mwenye moyo zaidi.

Sasa unaposwa wewe, na watu wakuambia unyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Siku hizi damu hupimwa, jeni ikaonekana. Ukikuta umerithi iliyo mbovu, si laana wala si aibu. Ni habari iliyokufikia mapema. Mwambie daktari kweli yote, na mposaji vilevile.

Mola akuhifadhi, akujaalie uzee mrefu kuliko wangu. Haya, vaa buibui lako, twende ukapimwe.