Kachupa ka Matone ya Baba

Baba alipopatikana na presha ya macho alikuwa amestaafu kiwandani, hapa mtaa wa Panda, miaka mingi nyuma. Tuliishi bado katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi aliyopewa akiwa kijana. Asubuhi na jioni aliketi uani, akainua uso, nami nikamtia tone moja kila jicho. Kisha alifumba macho na kunishika mkono mpaka dawa iingie. Dakika hizo ndizo alizonisimulia habari za marehemu mama.

Mwisho wa juma alikwenda kwa dada yangu, mtaa wa Kikula. Nilichoka kutuma chupa huku na huku, nikaigawa dawa: nusu niliimimina katika kachupa ka plastiki kalikokuwa na dawa ya pua. Nilikaosha kwa maji ya moto, nikampa dada.

Baada ya majuma machache baba alirudi na jicho jekundu, linatoka usaha.

“Miye nasikia kama muchanga mu jicho,” alisema.

Hospitalini daktari alimwandikia dawa nyingine. Mama wa famasia aliomba kuona ile ya zamani. Alikainua kale kachupa kwenye mwanga.

“Hii haiko chupa yake.”

“Niliosha vizuri,” nilijitetea.

“Hata ukiosha, maman. Mu dawa ya macho munakuwaka kitu ya kuzuia vijidudu. Plastiki ingine inaikunywa pole pole, dawa inabakia bila mulinzi. Benye kuitengeneza banapima kwanza chupa gani inaifaa.”

Nililia mbele ya wateja. Baba alinitafuta bega kwa kupapasa.

“Acha, mwanangu. Ulitaka kunisaidia.”

Jicho lilipona. Lakini dada alikuwa ameogopa, na mumewe alipopata kazi Lubumbashi, walihamia huko na kumchukua baba akae karibu na daktari wa macho. Nilimfungia baba nguo zake.

Huu ni mwaka wa pili tangu aondoke. Jioni, saa ya dawa, hujikuta nimetoka kwenda uani bila sababu. Juzi nilimpigia baba simu, nikamuuliza kama wanamtia vizuri.

“Bananitia muzuri sana,” alisema. “Ila bakishatia, banaenda. Kila mutu iko na kazi.”

Nilisikia redio ya kwao.

Jumamosi napanda basi la Lubumbashi. Dada ameniuliza nitakaa siku ngapi. Nimemwambia tu kwamba nikiwa huko, dawa ya baba nitamtia mimi.