Uji wa Mhogo na Mwanamke Asiyekuwepo

Saa moja na robo asubuhi mama mkwe wangu aliingia uani kwangu, Kibuta, akamkuta binti yangu ameketi mkekani. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake tulimzika mwanzoni mwa masika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alimbonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo. Akazishika nywele, zilizokuwa zimepauka kama nyasi kavu.

"Mtoto kabemendwa huyu."

Kwetu neno hilo lina maana moja: mzazi ametoka na mtu wa nje, kisha amemshika mtoto, na mtoto amedhoofu kwa sababu hiyo.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Hakuna, mama."

"Basi anakuja kwa ungo," jirani alidakia kutoka upande wa pili wa ua, "maana sisi hatujamwona."

Mama mkwe hakucheka. Alisema mwezi ukiandama na hali ikiwa ile ile, atamchukua mjukuu wake.

Nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu, yangu na ya mtoto, na yake ilikuwa imeanza kufifia. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati ya Kisarawe. Dresa, mtumishi aliyetibu wagonjwa pale, aliuliza anakula nini.

"Uji wa mhogo. Asubuhi, mchana na jioni."

"Na nini?"

"Na chumvi."

Alinieleza kwamba ziwa la mama lilikuwa likimpa mtoto kile ambacho mhogo hauna. Sasa amebaki na mhogo mtupu. Apewe kunde, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda.

Nilichemsha kunde, nikazimenya maganda moja moja, nikaziponda. Dagaa niliwatoa vichwa, nikawakaanga bila mafuta, nikawatwanga na kuwachekecha. Kisamvu nilikipika kwa tui mpaka kikalainika kabisa. Yai nilimpa mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu majirani waliamini mtoto anayekula mayai huwa mwizi. Siku za kwanza alitema kila kitu. Nilipunguza kijiko, nikaongeza mara za kumlisha. Hakuna aliyekuja kutujulia hali. Wanawake walikwepa kupita karibu na ua wangu.

Uvimbe ulipungua kuanzia usoni. Asubuhi moja alilia kwa nguvu kwa sababu bakuli lilikuwa tupu, nami nikakaa kidogo nikimsikiliza kabla ya kumpakulia.

Mwezi ulipoandama, mama mkwe alikuja, akampakata mtoto, akambonyeza mguu. Hapakubaki shimo. Alinitazama kwa upole.

"Umeachana naye. Umefanya vizuri, baba."

Nilitaka kumweleza habari za kunde. Lakini nikikana, maswali yangeanza upya, na mtoto alikuwa mikononi mwake.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimeachana naye."

Akanirudishia mtoto. Alipokuwa akivaa viatu alisema fundi, mganga wa kienyeji aliyekwisha kuagana naye aje kumtibu mtoto, hahitajiki tena, na ndipo nilipoijua bei ya dawa yake: shilingi kumi na tano, siku zile bei ya mbuzi mzima.