Kiswahili Hakivuki Geti

Siku zetu zile za Bertrams, mtaa wa Johannesburg, wenzangu mliokulia huko mtakumbuka, mtoto alifundishwa kunyamaza kabla hajafundishwa kuvuka barabara. Wakubwa watanicheka, najua. Binti wa miaka ishirini naye ana enzi zake! Wacha wacheke. Mimi utoto wangu niliuishi kwa kuogopa, na hofu inamzeesha mtu upesi kuliko miaka.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipata kazi katika shule ya sekondari Johannesburg mwaka 2015, akatutoa Tanga mimi na Mama, mimi nikiwa na miaka tisa, na mdogo wangu Abuu akazaliwa hukohuko kabla mwaka haujaisha. Tukapanga vyumba viwili uani kwenye nyumba kuukuu yenye geti la chuma, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Chumba cha mbele alikaa Maman Bijou, fundi cherehani wa kutoka Bukavu, na cherehani yake ndiyo iliyotuamsha asubuhi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria mbili. Ya Baba ilikuwa shikamoo. Ukiingia ndani bila kumwamkia, hakugombezi, anakutazama tu kisha anasema, "Rudi nje, uingie tena." Unarudi, unagonga, unaingia, shikamoo Baba, marahaba mwanangu, ndipo unaruhusiwa kuvua viatu. Abuu alianza kurudishwa nje hata hajajua kutembea vizuri, maskini, anatambaa hadi mlangoni na kugeuka. Sheria ya Mama ilikuwa fupi zaidi: Kiswahili hakivuki geti. Ukishaweka mguu barabarani wewe ni mtoto wa Joburg, sema Kizulu, sema Kiingereza, au funga mdomo.

Ndani ya geti basi tulijimwaga. Maandazi ya hiliki, chai ya tangawizi iliyowasha koo, harufu ya pasi ya Maman Bijou juu ya kitambaa kibichi. Tukicheza rede uani na mabinti wa Maman Bijou tulipiga kelele kwa Kiswahili cha namna mbili, chao na chetu, tukibishana nani kaguswa na mpira na nani mwongo. Nje tukiruka kamba tulihesabu kwa Kizulu. Kwenye kona tulinunua magwinya ya moto, yale maandazi yao makubwa yasiyo na hiliki, tukala na achari mpaka midomo ikawaka. Na jioni Baba alisahihisha madaftari mezani, kalamu nyekundu mkononi, akiwalalamikia watoto wa watu kwa Kiswahili ambacho wasingekisikia maisha yao: "Sipho, Sipho mwanangu, mabano haya umeyafungua ili iweje?"

Lakini hofu, jamani, hofu ilikuwa imekaa nasi mezani. Wenzetu wengine mlibandika kwenye friji picha za wachezaji. Sisi Mama alibandika ratiba ya mechi za uwanja ule, na mpira wenyewe alikuwa haujui hata kidogo. Alitaka tu kujua kelele ipi ya kuogopa. Uwanja ukinguruma anakimbilia friji, anapitisha kidole, akikuta kuna mechi anashusha pumzi. Akikuta hakuna, anazima redio na kufunga dirisha. Mpaka leo nikisikia watu wengi wakishangilia, moyo wangu hauelewi kwamba ni furaha.

Halafu kulikuwa na kiwiko. Watu wazima walisimulia kwamba vurugu za kuwafukuza wageni zikianza, mgeni hukamatwa barabarani akaguswa kiwiko na kuulizwa kinaitwaje kwa Kizulu. Basi Mama hakupakui chakula mpaka umekitaja. Anagusa kiwiko chako na mwiko, unasema "indololwane", ndipo ugali unatua kwenye sahani. Baba, msomi mzima, alilitamka neno lile vibaya kila siku. Mama alikuwa anacheka, halafu ghafla hacheki tena. Nyuma ya mlango ulining'inia mkoba mwekundu wenye pasipoti zetu, vyeti vya Baba na nguo mbili za Abuu, na hatukuruhusiwa kuugusa.

Mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi na moja, ilikuja ile wiki. Mtaa wa pili walivunja na kuchoma maduka ya wageni. Maman Bijou akaacha kushona, na ule ukimya wa cherehani ulinitisha kuliko moshi. Mama alimsihi Baba asiende kazini. Alishika tai yake kabisa, akaivuta.

"Wanafunzi wangu wana mtihani," Baba akasema.

"Na wanao wana baba mmoja!"

"Nitarudi saa tisa."

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Simu yake haikupatikana. Abuu alilia njaa, mkate umekwisha, na mwenye Kizulu safisafi nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Mama alinishika mashavu akanituma kwa bibi mmoja aliyeuza mikate dirishani kwake, nyumba ya sita kutoka kwetu. "Usikimbie," aliniambia. "Anayekimbia anaulizwa anakimbia nini."

Nilikwenda. Kwenye kona, mbele ya duka lililovunjwa, walikaa wanaume watano juu ya kreti za soda, fimbo zimeegemezwa ukutani. Nikapita, nikanunua mkate, nikageuka. Na ndipo nikamwona Baba anakuja upande wa pili wa barabara, tai shingoni, begi la kahawia mkononi, mzima. Wallahi nilikuwa nimeshamzika kichwani mwangu. Furaha ikanipanda, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo Babaaa!"

Wanaume watano wakageuza shingo.

Baba alinitazama kama unavyotazama nguzo ya umeme, akapita. Hakupunguza mwendo, hakuitikia. Mtu ambaye hajawahi kuacha salamu yangu hata akiwa na homa! Mmoja wao mwenye kofia akaninyooshea fimbo, akaniuliza, "Uyamazi?" Unamjua?

"Angimazi," nikasema. Simjui. Nilisema kwa sauti ya juu, na Baba alikuwa hajafika mbali.

"Ulisema nini pale?" akauliza mwenye kofia.

Nikamwambia nilikuwa naimba, ni wimbo wa kuruka kamba. Akasema haya, uimbe. Nikaimba. Niliruka kwa mguu mmoja huku nimekumbatia mkate, shikamoo baba, shikamoo baba, wao wanacheka, mkojo unanishuka miguuni. Wakaniambia sharp, yaani poa, nenda. Lakini mwenye kofia alikuwa ameshasimama, kachukua fimbo yake, anamfuata Baba taratibu. Baba hakukata kona ya kwetu. Alinyoosha moja kwa moja, mbali na nyumbani.

Nilipomwambia Mama, nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alikaa sakafuni, mgongo mlangoni, na mkoba mwekundu mapajani. Heri angenipiga. Mvua ya mawe ikaanza, ile ya Joburg ya alasiri za joto, bati likapiga kelele hata geti lisingesikika likifunguliwa. Maman Bijou akaja, akamshika Mama bega. "Usilie, Mama Zainabu. Ataingia tu. Ye iko na akili mingi." Nilijua jambo moja tu: Baba asiporudi, ni mdomo wangu umemuua, na neno la mwisho alilolisikia kwangu ni kwamba simjui.

Mvua ilipopungua mlango ukasukumwa. Aliingia amelowa chapachapa, tai hana, begi hana. Alikuwa amezunguka hadi Doornfontein, mtaa wa jirani, akatupa begi lisimtambulishe, na mawe ya mvua ndiyo yaliyomrudisha nyuma yule mwenye kofia. Karatasi za mtihani alikuwa amezificha ndani ya shati, zimemganda kifuani.

Nilisimama pembeni. Nilingoja aniambie nitoke nje niingie tena, na kwa mara ya kwanza maishani niliitamani adhabu ile. Baba akanishika kichwa kwa mkono wake wa baridi.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Sikuwa nimemwamkia. Alikuwa anaitikia ile ya barabarani.

"Baba, nilisema sikujui."

"Nilisikia. Ulijibu vizuri." Akageuza uso haraka na kuomba chai. Mama aliwasha pasi, akazipiga pasi karatasi za mtihani moja baada ya nyingine mpaka zikakauka, kwa sababu wanafunzi walitaka alama zao.

Mkataba wa Baba uliisha 2019, akarudi Tanga, sisi na Mama tukabaki kumalizia shule. Watoto wa sasa hawana habari. Abuu akimpigia simu humwita "Eita, taima!", yaani vipi mzee, huku anatafuna na macho yako kwenye mchezo wa simu, na hakuna wa kumrudisha nje, maana nje ya simu ni wapi? Kiwiko hajui kama kiliwahi kuwa mtihani. Anazungumza lugha yoyote popote kwa sauti yoyote. Namwonea wivu, na namwogopea mpaka nashindwa kula. Sisi tulikuwa na adabu, tunapenda kusema, lakini nusu ya adabu yetu ilikuwa woga tu.

Juzijuzi nilikuwa Doornfontein natoka chuoni, nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nasubiri kuvuka. Wiki hiyo mitaa haikuwa shwari, na watu walinizunguka pande zote. Simu ikaita, nikaona ni Baba. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaipokea.

"Hi, Dad," nikasema, mimi, binti wa Mwalimu.

Nilisikia jogoo wa kwetu Tanga, na Baba anavuta pumzi. Nikangoja anirudishe nje.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ukifika ndani, nipigie."